Neno Nililomfukuzia Bibi Elishi

Elisante mwanangu,

Umetoka kwenda Lemara kuwaaga wenzako, nami nimebaki mezani na kalamu. Nadhani utaisoma barua hii ukiwa kwenye basi, umeshapita Babati, umeshamaliza yale mayai, na huna pa kunikimbilia. Mambo ya chandarua, maji ya kunywa na kupiga simu ukifika nimeshayasema mpaka umechoka. Humu hayamo.

Nataka kukueleza kwa nini leo mchana niliacha sahani yangu nikaenda jikoni.

Shangazi yako alikuuliza swali la kawaida tu. Alisema, "Sasa wewe Elisante, mwanamume mzima, wanawake wa huko Katavi watakubali kweli uwazalishe?" Wewe hukuinua hata macho kwenye ndizi zako. Ulimjibu, "Shangazi, hayo ni mawazo ya kizamani." Meza nzima ikacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Shangazi yako akatabasamu huku midomo ameifunga, akaanza kukusanya sahani ambazo watu walikuwa bado wanazilia. Nilipomwona hivyo nikainuka. Ulinifuata jikoni ukaniuliza, "Mama, nimekosea?" Nikakuambia ni moshi umeniingia machoni. Ukalitazama jiko la gesi, ukaninyamazia. Asante kwa kuninyamazia.

Kama ulikosea, hukunizidi. Neno lile umelitoa kwangu. Umekua ukinisikia nalitumia nikirudi kazini, nikivua viatu mlangoni, nikimsimulia baba yako habari za bibi fulani wa kizamani na mama mkwe fulani wa kizamani. Miaka ishirini na nane nimekuwa mkunga, na sehemu kubwa ya miaka hiyo neno hilo lilikuwa mfukoni mwangu pamoja na kalamu na saa.

Ni neno la ajabu, ukilitazama vizuri. Juzi nilikuwa sokoni Kwa Mrombo kununua maharage uliyokula leo. Mama muuzaji aliniita, "Njoo mama, haya ni ya kizamani, mchuzi wake mzito!" Akapandisha bei kwa sababu hiyo hiyo, nami nikalipa nikicheka. Kitenge nilichovaa kanisani Jumapili watu walikisifia, wakasema hiki ni cha kizamani, hakichuji. Lakini mchukue mwanadamu umwambie yeye ni wa kizamani, uone anavyosinyaa. Kitu kikiwa cha kizamani, maana yake kimedumu. Mtu akiwa wa kizamani, maana yake anyamaze. Hiyo ndiyo maana niliyoitumia mimi, wala usiende kuitafuta kwenye kamusi.

Mimi mwenyewe nilizaliwa nyumbani, juu huko migombani, mlimani Meru. Mama yangu alipiga magoti, akashika nguzo ya nyumba, na mama mkwe wake alikuwa nyuma yake amemkumbatia kiunoni. Alinisimulia habari hiyo mara nyingi, na kila mara kwa fahari, kama mtu anayesimulia vita aliyoshinda. Nilipofika chuo cha uuguzi, wenzangu waliulizana bwenini kila mmoja kazaliwa wapi. Nilitaja hospitali. Niliikana ile nguzo, na magoti ya mama yangu, kwa ajili ya wasichana ambao leo hata majina yao siyakumbuki. Ndipo nilipoanzia.

Halafu nikapangiwa kazi kwenye zahanati moja mlimani, mwendo wa saa moja kwa mguu kutoka nyumba niliyozaliwa. Jina lake silitaji, wewe unaijua. Nilirudi kwetu nikiwa na gauni jeupe na viatu vyeupe kwenye tope lile. Wanawake walionizidi umri kwa miaka thelathini waliniita Sista, wakasimama kunipisha. Ukipewa heshima ya namna hiyo ukiwa na miaka ishirini na tatu, unaweza kudhani ni yako.

Sasa nakuja kwa Bibi Elishi.

Ilikuwa msimu wa mvua. Alifika asubuhi amemshika mkono mjukuu wake, Gladness, binti wa miaka kumi na tisa, mimba ya kwanza, uchungu umeshakolea. Walikuwa wametembea. Bibi alikuwa amevaa sweta la kijani na alibeba chupa ya chai iliyojaa mtori wa ndizi, maana kwetu huendi kumsubiri mzazi mikono mitupu. Nilimpandisha Gladness kitandani, nikamlaza chali kama nilivyofundishwa. Kila uchungu ulipomjia aligeuka ubavu, akajaribu kushuka. Nikamrudisha. Akageuka tena. Nikamrudisha tena, na mara ya tatu nikampiga kofi la paja.

Ndiyo, Elisante. Mama yako. Siyo mara moja maishani, wala kwa Gladness peke yake. Tulikuwa tukiita kumsaidia mama asilete uzembe.

Bibi Elishi alikuwa mlangoni. Akasema kwa upole kabisa, "Sista, mwache ashuke apige magoti. Nitamshika mimi. Akilala hivyo anampandisha mtoto mlima."

Ndani mlikuwa na wazazi wengine wawili na mama mfanya usafi. Wote walinitazama waone nitajibu nini. Nikasema kwa sauti, "Bibi, hayo ni mambo ya kizamani. Hapa tunazalisha kisasa. Toka nje."

Mfanya usafi akacheka. Wale wazazi wawili nao wakacheka, pamoja na uchungu wao. Bibi Elishi akainama. Aliweka ile chupa ya mtori sakafuni karibu na mlango, akatoka, akasimama chini ya upenu na mvua inamrukia miguuni. Gladness alizaa mtoto wa kiume, mzima. Alichanika vibaya, nikamshona. Jioni ile nilikuja nyumbani nikamsimulia baba yako, nikiigiza sauti ya bibi, naye akacheka. Nilijiona nimeshinda.

Miaka miwili ikapita. Gladness alipata mimba nyingine. Alikuja kliniki mara moja, akapimwa, akachukua kadi, na tangu siku hiyo sikumwona. Sikumfuatilia. Nilisema moyoni kwamba watu wa kule ndivyo walivyo.

Siku moja mchana, gari dogo la kubebea ndizi likaingia uwanjani kwa kasi. Gladness alikuwa nyuma, juu ya godoro, na Bibi Elishi amempakata kichwa. Mtoto wa kike alikuwa ameshazaliwa nyumbani, yuko salama, amefungwa kwenye khanga kifuani kwa jirani. Ila damu ya mama yake haikukata. Godoro lilikuwa limelowa mpaka chini. Nilimchoma sindano, nikamwekea dripu mikono yote miwili, nikamkanda tumbo mpaka mabega yakafa ganzi, nikaita gari la wagonjwa. Nikiwa nahangaika hivyo bado nilipata nafasi ya kufoka. Nikamgeukia bibi, nikamwambia, "Kwa nini hamkumleta mapema? Kwa nini?"

Akasema, "Alikataa. Nilimsihi siku tatu. Alisema harudi kule kuchekwa."

Gladness alifariki njiani, kabla hatujafika lami. Nilikuwa nimemshika mkono.

Wewe ulikuwa darasa la tatu. Pengine unakumbuka wiki ambayo baba yako ndiye aliyepika, na ukaambiwa mama ana malaria. Sikuwa na malaria.

Nasikia wewe na wenzako mnasema kosa la mtu lisimfuate maisha yote. Sawa. Lakini ngoja nikuambie sehemu ambayo sijawahi kumwambia mtu, hata baba yako alikufa hajui. Mama akifa kwa uzazi, inaandikwa ripoti. Kulikuwa na mahali pa kujaza sababu za mgonjwa kuchelewa kufika kituoni. Nilikaa na kalamu muda mrefu. Nilijua sababu. Nilikuwa nimeambiwa kwa maneno manane, na bibi aliyekuwa na damu ya mjukuu wake mpaka viwikoni. Kisha nikaandika: "Familia ina mawazo ya kizamani." Nikasaini. Ikagongwa muhuri, ikapelekwa wilayani.

Unaona lile neno linavyofanya kazi? Lilimtoa bibi nje. Likamfukuza mjukuu asirudi. Alipokufa, likaja likanisafisha mimi. Halikuniuliza swali hata moja. Ndiyo maana watu wengi wanalipenda, Elisante. Ukishalitamka, huhitaji tena kufikiri kama yule mtu anasema kweli au hasemi.

Nilifanya kazi miaka sita mingine baada ya hapo. Sikumpiga mtu kofi tena, lakini pia sikubadilisha kitu. Nilikuwa kama mtu anayetembea pembeni ya shimo, halitazami. Kisha tukaitwa semina mjini. Mwezeshaji alikuwa daktari kijana, mcheshi, ana picha zake ukutani. Akaonyesha picha ya mama anajifungua amepiga magoti. Nyingine amechuchumaa. Nyingine amesimama ameinama, na ndugu yake amemshika kiunoni kwa nyuma. Akasema mama asiye na tatizo achague mkao anaouweza, na awe na mtu wake wa karibu ndani ya chumba, maana inasaidia uchungu na inasaidia mtoto kushuka.

Nikanyoosha mkono. "Daktari, samahani, hii ni ya lini?"

"Hii ni ya kisasa kabisa, mama. Mwongozo mpya."

Watu wakaandika. Mimi nilishindwa kuandika. Nilitoka nikaenda kukaa kwenye ngazi za nje, na dada mmoja kutoka Moshono, tuliyekuja naye, akanifuata akidhani presha imepanda. Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja. Nilikuwa nimeelezwa kitu kile kile, bure, mlangoni, na mwanamke mwenye sweta la kijani.

Wiki ile ile nilipanda kwa Bibi Elishi. Nilimkuta anapalilia maharage katikati ya migomba. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia marahaba bila kusimamisha jembe. Nikamwambia yote. Kofi, kicheko, semina, na ripoti. Nilipofika kwenye ripoti aliacha kulima.

"Uliandika sisi ndio tuliomuua?"

"Niliandika kwamba mna mawazo ya kizamani."

"Ni hayo hayo." Akapangusa tope kwenye jembe. "Sasa unataka nikusamehe ili upate usingizi?"

"Sijui nataka nini, bibi."

"Mimi nitakuambia kilichoniuma, maana hukijui. Kutolewa nje hakukuniuma. Nimetolewa mahali pengi. Ila uliposema lile neno lako, mjukuu wangu alinitazama. Tangu anazaliwa alikuwa ananiamini mimi. Siku ile alinitazama kama mtu aliyegundua kwamba bibi yake ni mjinga. Akamgeukia mwenye gauni jeupe, na mwenye gauni jeupe akampiga. Kwa hiyo hakubaki na mtu. Hakubaki na mimi, hakubaki na wewe. Mtoto wa pili alimzaa peke yake chumbani, amejifungia, hakuniita hata mimi. Nilivunja mlango."

Hakunisamehe. Nataka ulijue hilo, usije ukadhani kila ukisema kweli unapewa kiti. Alisema, "Nenda kazini kwako," akashika jembe.

Basi nikaenda kazini kwangu. Na hapa ndipo mama yako alipoanza kuwa mkaidi, maana yule msichana mpole mnayeambiwa nilikuwa zamani alibaki kwenye shamba lile la maharage.

Nilinunua godoro jembamba, nikalifunika kwa plastiki, nikaliweka chini kwenye kona ya chumba cha kujifungulia. Nikatundika kitenge kama pazia. Nikamwambia kila mama aingie na mtu mmoja anayemtaka. Wa kwanza waliogopa, walidhani ni mtego. Baada ya mwezi walikuwa wanaulizia wenyewe.

Mfawidhi wetu, yaani mkuu wa zahanati, wakati ule alikuwa kijana mwenye akili, wala simchukii. Aliniita ofisini.

"Mama Elisante, lile godoro chini ni la nini?"

"La kuzalia."

"Tuna vitanda vitatu vya kisasa. Wakija wakaguzi wakamkuta mzazi amepiga magoti sakafuni, na bibi yake yumo ndani na khanga zake, watasema tumerudi enzi za kizamani."

"Mwongozo umo kabatini kwako. Ukurasa nimeukunja."

"Mwongozo ni mwongozo. Mimi naongelea utaratibu wa hapa."

"Basi andika."

"Niandike nini?"

"Andika kwamba mimi ni wa kizamani. Lete, nasaini."

Alidhani natania. Kesho yake alileta barua ya onyo, na nikasaini kwa herufi kubwa kuliko ninazosainia mshahara. Godoro likatupwa stoo. Mimi nikahamishiwa chumba cha chanjo, nikachoma watoto sindano mwaka mzima. Ulikuwa unaniuliza kwa nini narudi mapema siku hizo. Nilikuambia kazi imepungua. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeadhibiwa, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo nikiwa napigiwa makofi kwenye vikao.

Mwaka ule ndio niliandika ukurasa mmoja kuhusu kifo cha Gladness. Niliandika kilichotokea siku ya uzazi wa kwanza, na jina langu, na maneno aliyoyasema bibi yake. Nikaupeleka wilayani kwa mkono wangu. Kijana wa masijala akaniambia faili lile limefungwa zamani, halipokei karatasi. Nikamwambia alifungue. Akasema haiwezekani. Nikakaa kwenye benchi lake tangu saa tatu mpaka saa tisa, nikala karanga, nikawasalimia waliopita. Mwishowe akaichukua ile karatasi, akaigonga muhuri wa kupokelewa, ili tu niondoke. Sijui kama aliiweka kwenye faili au aliitupa nilipogeuka. Nakala yangu ninayo. Ningejua itanifukuzisha kazi ningeipeleka vilevile, na nasema hivi sasa nikiwa na akili zangu zote.

Baadaye mfawidhi alihamishwa, akaja mwanamke. Siku yake ya pili aliingia chumba cha chanjo akaniuliza, "Wewe ndiye mwenye godoro?" Nikasema ndimi. Akasema, "Liko wapi?" Tukaenda stoo pamoja tukalipangusa.

Sasa usije ukaelewa vibaya ukafika huko ukakubali kila kitu kwa kuwa kimesemwa na mwenye mvi. Bibi mmoja aliwahi kuja kumchukua mkwe wake akiwa na kitambaa chenye majivu na samadi, kwa ajili ya kitovu cha mtoto. Zamani ningemfokea, naye angeitikia ndiyo Sista, kisha angeenda kukipaka nyumbani. Safari hii nilimkalisha. Nikamuuliza, "Bibi, uliowapaka hivi wote walipona?" Akawa anahesabu. Akasema wawili walikakamaa, wakashindwa kunyonya, wakafa kabla ya wiki mbili kuisha. Alikuwa akiamini siku zote kwamba walirogwa. Nikamweleza pepopunda ni nini na inaingilia wapi. Aliangalia kile kitambaa mkononi mwake. "Kumbe ni mimi," akasema. Nilimshika, Elisante, nikamwambia kwamba hata mimi ninaye wangu. Tulikaa pale mpaka mkwe wake akaanza kutuulizia. Kitambaa alikitupa mwenyewe chooni, na kijiji kizima alikifundisha yeye. Mimi singeweza kukifundisha kwa miaka kumi.

Kwa hiyo samadi ni ya kale, na inaua. Magoti ni ya kale, na yanasaidia. Neno moja limekaa juu ya yote mawili, na haliwezi kukuambia lipi ni lipi. Hiyo kazi ni yako, kila siku, kwa kila mtu, na inachosha. Hakuna njia ya mkato niliyoigundua.

Kabla sijastaafu, asubuhi moja nilikuwa na mzazi ndani, nikasikia mtu anabisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi. Nilipogeuka nilimwona Bibi Elishi. Amekonda, anatembelea fimbo. Nyuma yake alikuwa binti wa kaka yake Gladness, tumbo kubwa, amemshika bibi pindo la sweta. Bibi hakunisalimia. Alisimama kwenye kizingiti pale pale na kusema, "Niingie, au nibaki nje?"

"Ingia, bibi."

Akaingia. Akalitazama godoro, akaligusa kwa fimbo, akasema ni gumu sana, niongeze blanketi. Nikaongeza. Binti akapiga magoti. Bibi hakuweza tena kumkumbatia kwa nguvu, kwa hiyo alimshika mabega kwa mbele, nami nikakaa nyuma. Hatukusemezana zaidi ya yaliyohitajika. Mtoto alitoka kwa utulivu, na kwa mara ya kwanza kwenye kazi yangu ni mtu mwingine aliyeniambia la kufanya, nami nikalifanya. Bibi alipomaliza alinawa mikono kwenye beseni langu bila kuomba ruhusa, akaniangalia. Akasema, "Sasa umejua kazi." Akaondoka. Alifariki mwaka uliofuata, na nilikwenda kumzika nikiwa nimevaa gauni langu jeupe. Kuna walioona haifai. Wakaniambia, nikawasikia, sikulivua.

Wewe sasa unaanza, na unaanzia pagumu kuliko mimi. Wewe ni mwanamume. Watakuwepo wanawake watakaogeuza nyuso zao ukutani ukiingia, na mama wakwe watakaosimama mlangoni wakakuzuia. Watu wa rika lako watakuambia hao ni wa kizamani, wazoee. Neno hilo usiliseme. Muulize yule mama anaogopa nini. Labda mume wake. Labda kuna mwanamume aliyemshika vibaya akiwa mtoto. Labda hana sababu yoyote, hataki tu, na kutotaka kwake kunatosha. Kama kuna mwenzako wa kike, mwite. Kama hayupo, mwambie mama achague nani asimame upande wa kichwa chake, na uhesabu kwamba mnafanya kazi wawili. Hilo halipunguzi elimu yako hata chembe. Mimi nakuona utakuwa mkunga mzuri kuliko mimi, kwa sababu ya mikono yako na kwa jinsi ulivyo mpole. Shangazi yako nitamwona mimi kesho. Wewe mpigie ukifika, na usiseme unaomba radhi kwa niaba ya mtu. Sema lako.

Na ukikuta jambo la kale linaloua, likatae mchana kweupe mbele ya ukoo mzima, uwaeleze sababu mpaka sauti ikukauke. Ukikuta la kisasa linaloua, likatae vivyo hivyo, hata kama limeandikwa na wakubwa wako na kugongwa muhuri. Watakuandikia barua. Saini. Watakuhamisha. Hama, kafanye kazi huko ulikohamishiwa. Mimi nilikuwa naogopa hayo, na yaliponipata nikagundua kwamba mtu anaishi tu.

Siku moja kijana msomi kuliko wewe atakukuta sakafuni na mzazi, na bibi yake yuko kando, atasimama mlangoni akuite wa kizamani, na waliomo watacheka. Siku hiyo usijitetee. Itika tu kama unavyoitikia jina lako, kisha mgeukie mama, kwa sababu mtoto hatawangoja mmalize kubishana.

Mimi mama yako, niliyestaafu kazi ila si ubishi.